Harusi Yetu: Tumlipe Mpiga Muziki au Mratibu wa Sherehe?

Mavuno yakishaingia ghalani, harusi huanza. Kadi za michango hupita nyumba hadi nyumba. Pengine mwaka huu zamu ni yako. Mwanao anaoa, au binti yako anaolewa. Kamati ya harusi imekwisha kaa mara mbili. Michango imeanza kuingia.

Kisha mabishano yanatokea. Vijana wanataka mpiga muziki kutoka mjini. Wanasema harusi bila muziki ni msiba. Shangazi naye anasema, "Muziki hauli mtu. Tumtafute mratibu wa sherehe, ili mambo yaende kwa utaratibu." Kila mtu ana sababu zake. Lakini fedha hazitoshi kuwalipa wote wawili. Je, mumchague yupi?

Somo hili litakusaidia kujibu swali hilo. Utahitaji kalamu na daftari, na kazi hiyo unaiweza, kwa sababu sasa unajua kusoma na kuandika.

KAZI HIZI SI NGENI

Usidhani kuwa kazi hizi mbili zimeletwa jana. Babu zetu walikuwa nazo.

Harusi ya zamani ilikuwa na wapiga ngoma. Walijulikana kijiji kizima. Walialikwa, wakalishwa, wakanyweshwa, na watu wakawatunza. Baadaye ikaja gramafoni na santuri zake. Baada yake ikaja redio ya kaseti. Siku hizi mpiga muziki huja na kompyuta ndogo na spika. Watu wengi humwita dijei.

Mratibu pia alikuwapo. Mshenga alikwenda na kurudi kati ya familia mbili. Somo au kungwi alimfunda bibi harusi. Wazee waligawa kazi. Akina mama waligawana kuni, maji na mchele. Kila mtu alijua zamu yake, kwa sababu ndugu wote waliishi karibu.

Siku hizi ndugu wametawanyika. Mmoja yuko mjini, mwingine yuko mgodini, mwingine amehamia wilaya nyingine. Wanafika jioni ya kuamkia harusi, na mabegi yao mkononi. Hii ndiyo sababu baadhi ya watu hutafuta mtu wa kulipwa ili aongoze kazi. Huyo ndiye mratibu wa sherehe.

MPIGA MUZIKI HUFANYA NINI?

Mpiga muziki ana kazi tatu.

Kwanza, huleta vyombo. Vyombo hivyo ni spika, vipaza sauti, nyaya, kompyuta, na mara nyingine taa na jenereta.

Pili, huchagua nyimbo kufuata saa na watu waliopo. Maharusi wanapoingia, hupiga wimbo wa kuingilia. Watu wanapokula, hupunguza sauti ili waweze kuzungumza. Wazee wakitaka kucheza, huwapigia nyimbo za ujana wao. Mpiga muziki mzuri huwatazama watu kuliko anavyoitazama kompyuta yake.

Tatu, hutoa sauti kwa wasemaji. Mzee akitoa wosia kwa maharusi, kipaza sauti ndicho kinachofanya watu wa nyuma wasikie.

Lakini mpiga muziki hapiki. Hapokei wageni. Hajui kama gari la bibi harusi limeharibika njiani. Usimlaumu kwa kazi ambayo hakupewa.

MRATIBU HUFANYA NINI?

Mratibu hupanga kazi na kuzifuatilia. Kazi yake huanza wiki nyingi kabla ya harusi. Hukaa na familia na kuuliza: wageni ni wangapi? Fedha ni kiasi gani? Nani atapika? Watu watakaa wapi? Mvua ikinyesha itakuwaje?

Kisha huandika ratiba. Huongea na mpishi, mwenye maturubai, mpambaji na mwenye gari. Siku yenyewe huzunguka kutoka jikoni hadi barabarani, akihakikisha kila jambo linafanyika kwa wakati wake.

Mratibu si mshereheshaji. Mshereheshaji, ambaye wengi humwita emsii, hushika kipaza sauti na kuongoza watu. Mratibu hufanya kazi yake pembeni. Kazi yake ikienda vizuri, wageni wengi hawamwoni kabisa.

Lakini mratibu naye hapigi muziki. Usipotafuta mtu wa muziki, ratiba yake itakuwa nzuri na uwanja utakuwa kimya.

JAMBO LILILOTUPATA NYUMBANI

Nitakusimulia jambo lililotokea kwetu. Silifichi, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Mdogo wangu wa kike alipoolewa, mimi nilikuwa katibu wa kamati. Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima, na nina cheti. Ndugu walisema, "Kalamu tumpe yeye." Fedha zetu zilitosha kumlipa mtu mmoja tu. Tukamchagua mpiga muziki wa mjini, mwenye spika nne kubwa.

Mama aliuliza, "Wageni watapokelewa na nani?" Nilimjibu, "Usiwe na wasiwasi, mama. Sisi sote tupo."

Neno hilo, "sisi sote", ndilo lililotuponza. Kazi ya watu wote haina mwenyewe.

Siku ya harusi mpiga muziki alifika mapema, akafunga vyombo vyake, akafanya kazi yake vizuri. Lakini hakuna aliyemwambia mwenye gari kuwa saa ya ndoa imebadilika. Bibi harusi alikaa saa mbili akingoja. Huku nyumbani wapishi walitaka mchele. Mchele ulikuwapo, magunia mawili, ndani ya chumba kilichofungwa. Ufunguo ulikuwa na shangazi, naye alikuwa ameondoka na bibi harusi. Tukanunua mchele mwingine dukani kwa mkopo.

Wakwe zetu walitoka mbali. Hadi saa kumi jioni walikuwa hawajapewa hata maji ya kunywa. Wazee wao wawili waliinuka, wakaaga kwa upole, wakaondoka. Chakula kilipoiva, giza lilikuwa limekwisha ingia. Watu wengi walikuwa wamekwenda zao. Muziki ulilia mbele ya viti vitupu.

Baada ya harusi tulikuwa na deni la dukani. Ule mchele wa chumbani ulipopatikana, sehemu kubwa yake iligawiwa kwa wageni waliolala, kwa sababu tuliwaonea haya. Ili kulipa deni, baba aliuza magunia matatu ya mahindi. Yalikuwa mahindi ya kula. Ilipofika mwezi wa pili, mama alikuwa akinunua unga kwa kibaba.

Je, kosa lilikuwa la mpiga muziki? Hapana. Lilikuwa la muziki wenyewe? Hapana. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu, na sikuandika hata mstari mmoja.

ANZA NA ORODHA YA KAZI

Basi, ndugu msomaji, usianze kwa kuuliza, "Tumwajiri nani?" Anza kwa kuuliza, "Kazi ni zipi, na nani atazifanya?"

Chukua daftari. Upande wa kushoto andika kazi. Upande wa kulia andika jina la mtu atakayeifanya. Hizi ndizo kazi kubwa za harusi nyingi za kijijini:

1. Kupokea michango na kuandika kila shilingi.
2. Kufuatilia taarifa ya ndoa na kibali cha sherehe.
3. Kuleta maturubai, viti na mikeka.
4. Kuleta maji na kuni.
5. Kutunza chakula na ufunguo wa ghala.
6. Kuongoza wapishi na wagawaji wa chakula.
7. Kusimamia usafiri wa maharusi.
8. Kupokea wageni na kuwakalisha wakwe.
9. Kuongoza ratiba kwa kipaza sauti.
10. Kupiga muziki.
11. Kuangalia taa, vyoo na ulinzi.
12. Kurudisha vyombo vya kuazima.

Fuata kanuni tatu unapoandika majina.

Kanuni ya kwanza: kila kazi iwe na jina la mtu mmoja. Anaweza kuwa na wasaidizi, lakini mwenye kuulizwa awe mmoja. Usiandike "vijana" wala "akina mama".

Kanuni ya pili: mtu huyo akubali kwa kinywa chake. Usimwandike mtu ambaye hayupo.

Kanuni ya tatu: usiwape kazi wazazi wa maharusi. Siku hiyo wao ni wenyeji. Kila mgeni atataka kuwasalimu.

Ukimaliza, hesabu nafasi zilizobaki wazi. Nafasi hizo ndizo zitakazokupa jibu.

Kama nafasi iliyo wazi ni ya muziki tu, pamoja na moja au mbili ndogo, mwajiri mpiga muziki. Kamati yenu ndiyo mratibu. Mnaye tayari, tena halipwi.

Kama nafasi nyingi ziko wazi, mnahitaji mratibu. Katika hali hiyo, kumleta mpiga muziki wa bei kubwa ni kama kununua kengele ya baiskeli kabla ya kununua baiskeli.

TUTAZAME MIFANO MITATU

Mfano wa kwanza. Harusi inafanyika kijijini. Ndugu wengi wanaishi karibu. Kuna kikundi cha akina mama wenye masufuria na sahani. Katibu wa kamati anaandika vizuri. Familia hii imwajiri mpiga muziki. Fedha za mratibu hazina kazi hapa.

Mfano wa pili. Wazazi wako kijijini, lakini harusi itafanyika mjini, katika ukumbi wa kukodi. Hawawajui wapishi wa huko. Ukumbi una saa yake ya kufungwa. Familia hii inahitaji mratibu anayeujua mji ule. Mara nyingi mratibu wa namna hiyo huwafahamu wapiga muziki wa bei nafuu pia.

Mfano wa tatu. Kazi nusu zina majina, na nusu hazina. Fedha ni chache. Familia hii ifuate njia ya katikati. Inaweza kumlipa mratibu kwa siku moja tu, aje kusimamia ratiba ambayo kamati imekwisha iandika. Au inaweza kumteua ndugu mmoja mwenye sauti na subira, asiyelewa, ikampa posho kidogo. Na muziki? Kijana wa kijijini mwenye spika mbili anatosha. Ngoma ya kijiji pia inatosha, nayo haihitaji umeme.

FEDHA ZENU NI KIASI GANI?

Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alitoa hotuba kuhusu Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Tanzania. Hotuba hiyo ilijulikana kwa jina la Kupanga ni Kuchagua. Jambo hilo ni kweli kwa taifa, na ni kweli kwa nyumba moja pia. Ukichagua hiki, unaacha kile.

Tufanye hesabu. Bei zilizoandikwa hapa ni za mfano tu. Wewe andika bei za kwenu.

Kamati ina shilingi 1,500,000 mkononi. Matumizi ni haya:

Chakula: shilingi 700,000
Maturubai na viti: shilingi 250,000
Mavazi ya maharusi: shilingi 200,000
Usafiri: shilingi 100,000
Jumla: shilingi 1,250,000

Toa 1,250,000 katika 1,500,000. Zinabaki shilingi 250,000. Mpiga muziki anataka 200,000. Mratibu anataka 300,000. Kamati ikimchukua mpiga muziki, itabakiwa na 50,000 za dharura. Ikimchukua mratibu, itapungukiwa na 50,000. Hapo kamati itapaswa kupunguza jambo jingine, au kumwomba mratibu afanye kazi pungufu kwa malipo pungufu.

Angalia sana jambo hili: ahadi si fedha. Katika kamati mtu husimama na kusema, "Nitatoa laki moja." Watu hupiga makofi. Lakini siku hupita, na laki haionekani. Panga kwa fedha zilizo mkononi. Ahadi ikilipwa, mshukuru Mungu na uongeze nyama.

Usiuze chakula cha mwaka kwa ajili ya usiku mmoja. Usiweke shamba rehani kwa ajili ya spika. Maharusi wataanza maisha siku inayofuata, na wewe utaendelea na yako.

KABLA YA KUMWAJIRI MPIGA MUZIKI

Muulize maswali haya, na andika majibu yake.

1. Umewahi kupiga muziki katika harusi zipi? Nenda ukawaulize wenye harusi hizo.
2. Utakuja wewe mwenyewe, au utamtuma mtu mwingine?
3. Utaleta vyombo gani? Vipaza sauti ni vingapi?
4. Una jenereta? Mafuta atanunua nani?
5. Utafika saa ngapi, na utamaliza saa ngapi? Ukizidisha saa, utadai malipo zaidi?
6. Nyimbo tusizozitaka mbele ya wakwe na watoto, utaziacha?

Swali la umeme ni kubwa. Kila chombo hutumia nguvu ya umeme, na nguvu hiyo hupimwa kwa wati. Mara nyingi namba ya wati huandikwa nyuma au chini ya chombo. Jumlisha wati za vyombo vyote. Kwa mfano:

Spika 2 za wati 400 kila moja: wati 800
Kompyuta: wati 100
Mashine ya kuchanganyia sauti: wati 50
Taa 10 za wati 15 kila moja: wati 150
Jumla: wati 1,100

Jenereta ya wati 1,000 haitatosha. Itazimika katikati ya wimbo, au itaharibika. Tafuta yenye uwezo zaidi ya jumla yako, kwa mfano wati 1,500 au zaidi.

Jenereta iwekwe nje, mbali na watu, na moshi uelekee upande usio na watu. Usiiweke kamwe ndani ya chumba, jikoni wala chini ya dirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo inaweza kuua. Usiongeze mafuta jenereta ikiwa inanguruma au ikiwa bado ni ya moto. Watoto wasiikaribie, wala wasichezee nyaya. Mvua ikianza, vyombo vizimwe kwanza, kisha vifunikwe.

KABLA YA KUMWAJIRI MRATIBU

Mratibu naye aulizwe.

1. Umesimamia sherehe zipi? Tunaweza kuwauliza wenyewe?
2. Malipo yako ni kiasi gani? Je, ni yako peke yako, au yamo pia ya mpishi na mpambaji?
3. Fedha za kununua vitu atashika nani?
4. Siku ya harusi utakuwapo mwenyewe, tangu asubuhi hadi mwisho?
5. Unazijua mila za pande zote mbili?

Swali la tatu ni la kuangaliwa sana. Ni afadhali fedha zikae kwa mweka hazina wa kamati. Mratibu aseme kinachotakiwa. Kamati inunue, au imlipe muuzaji moja kwa moja na kupokea risiti. Hivyo hakuna atakayeshukiwa.

Swali la tano pia ni muhimu. Katika makabila mengi mjomba ana heshima yake katika harusi. Mratibu asiyejua hilo anaweza kumkalisha mjomba nyuma, karibu na jenereta, na ugomvi ukaanzia hapo. Kwa hiyo mpe mratibu mzee mmoja wa kila upande, ili wamweleze nani anakaa wapi, nani anaanza kusema, na nani anakula wapi.

ANDIKENI MAPATANO

Mapatano ya mdomo ni mapatano pia. Lakini yakivunjika, ni vigumu kuyathibitisha. Huyu atasema hivi, na yule atasema vile. Karatasi haisahau.

Malipo ya kwanza ya kumshika mtu asichukue kazi nyingine huitwa arubuni. Usitoe malipo yote mwanzoni. Toa arubuni, kisha lipa salio kazi ikifanyika. Ukitoa fedha taslimu, dai risiti. Ukituma kwa simu, usiufute ujumbe wa malipo, na uandike namba yake katika daftari.

Huu ni mfano wa mapatano. Unaweza kuunakili na kujaza nafasi zilizo wazi.

MAPATANO
Leo tarehe ............ mimi ............ (mwenye harusi) na ............ (mpiga muziki) tumepatana hivi:
1. Atapiga muziki katika harusi ya tarehe ............ katika kijiji cha ............
2. Atafika saa ............ na kumaliza saa ............
3. Ataleta spika ......, vipaza sauti ......, jenereta ......
4. Mafuta ya jenereta yatanunuliwa na ............
5. Malipo yote ni shilingi ............ Arubuni iliyotolewa leo ni shilingi ............ Salio ni shilingi ............ nalo litalipwa ............
6. Asipofika, atarudisha arubuni yote kabla ya tarehe ............
7. Harusi ikiahirishwa, tutafanya hivi: ............
Sahihi ya mwenye harusi ............
Sahihi ya mpiga muziki ............
Shahidi wa kwanza ............
Shahidi wa pili ............

Andikeni nakala mbili, kila upande uchukue moja. Andika fedha kwa tarakimu na kwa maneno pia, ili mtu asiongeze sifuri. Soma kila mstari kabla ya kutia sahihi. Zamani wengi wetu tulibonyeza dole gumba kwenye karatasi tusizozijua. Sasa unasoma. Kama kuna mstari usiouelewa, uliza. Kama mtu anakuharakisha, acha kalamu chini.

Kwa mratibu fanya vivyo hivyo, lakini orodhesha kazi zake moja moja. "Kusimamia harusi" ni maneno mapana mno. Andika, "Atahakikisha gari la maharusi limefika saa tatu asubuhi."

SHERIA NA MAJIRANI

Katika Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka watu wanaotaka kuoana watoe taarifa, kwa kawaida angalau siku 21 kabla ya siku ya ndoa. Kwa hiyo jambo hili lifanyike mapema, kabla hamjalipa arubuni ya mtu yeyote. Muziki unaweza kukosekana na ndoa ikafungwa. Taarifa ikisahauliwa, ndoa yenyewe inaweza kucheleweshwa. Baada ya ndoa kufungwa, hakikisheni imeandikishwa na maharusi wamepata cheti chao.

Nendeni pia kwenye ofisi ya kijiji mkaulize kuhusu kibali cha sherehe na saa ya mwisho ya kupiga muziki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inagusa kelele pia. Spika kubwa zina nguvu ya kuwasumbua watu wa mbali. Kuna mgonjwa kitandani, kuna mtoto mchanga, kuna mwanafunzi mwenye mtihani. Waambie majirani mapema, na uwaalike. Jirani aliyealikwa huvumilia kuliko jirani aliyeshtukizwa.

MWISHO

Mwaka mmoja baada ya harusi ya mdogo wangu, binti wa mama mmoja wa darasa letu la kisomo aliolewa. Mama yule alikuwa amejifunza kuandika kwa muda wa miezi minane tu. Alileta daftari lake darasani, akaniomba nimwangalizie tahajia. Ndani yake nilikuta kazi kumi na nne. Kila kazi ilikuwa na jina moja. Mbele ya neno "ufunguo" aliandika jina la dada yake, na chini yake aliandika: "haondoki nyumbani".

Hawakumwajiri mratibu. Muziki ulipigwa na kijana wa kijiji cha jirani, kwa spika mbili. Chakula kiliiva saa saba mchana. Wakwe walipokelewa barabarani kwa vigelegele, wakapewa maji, wakakalishwa kivulini. Kiasi cha saa kumi na mbili jioni watu wote walikuwa wakicheza, hata wazee wenye mikongojo. Baada ya wiki moja mama yule alisoma hesabu mbele ya kamati. Zilibaki shilingi elfu kumi na nane. Waliwapa maharusi wakanunulia sufuria.

Ndugu msomaji, harusi yako inaweza kuhitaji mpiga muziki. Inaweza kuhitaji mratibu. Orodha yako ndiyo itakayokuambia. Iandike leo, kabla ya kikao kijacho, na uisome mbele ya kamati kwa sauti. Kila kazi isiyo na jina, uliza pale pale: "Hii ni ya nani?"

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Taja kazi tatu za mpiga muziki na kazi tatu za mratibu wa sherehe.
2. Kwa nini neno "sisi sote" lilileta hasara katika harusi iliyosimuliwa?
3. Je, ni vizuri kuuza chakula cha akiba ili kulipia harusi? Toeni sababu zenu.
4. Kamati ina shilingi 900,000. Matumizi ya lazima ni shilingi 760,000. Mpiga muziki anataka shilingi 150,000. Je, fedha zinatosha? Mngefanya nini?
5. Spika 2 za wati 300 kila moja, kompyuta ya wati 80 na taa 8 za wati 20 kila moja hutumia wati ngapi kwa jumla?
6. Andikeni orodha ya kazi za harusi ya kijijini kwenu. Kisha amueni: mtamlipa mpiga muziki, mratibu, au mtafuata njia ya katikati?